Nauli ya Mwizi

Pesa ya kikundi cha akina mama cha Tuinuane, mtaa wa Izia, ilitoka kwenye simu iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu bila kufuli hata moja kuguswa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Kristiana Limbu. Mwizi wa kuvunja mlango alimjua, na mwizi wa kughushi sahihi alimjua. Huyu wa kupita katikati ya chuma hakumjua, na mjini watu walishampa jina: chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa ya mtu kwa mbali. Sumbawanga ukipoteza hata mwiko hakosekani wa kukwambia umeondoka kichawi, na Kristiana alikuwa amechoka kuandika maelezo ya mashahidi wasiotaja mtu mwenye miguu miwili.

Mkuu wake wa upelelezi hakuwa na habari na uchawi. Yeye alikuwa na Bashiri.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akijifunga skafu vizuri maana upepo wa asubuhi ulikuwa unapita chini ya mlango. "Nani aliwafungulia akina mama hiyo pochi ya sarafu za mtandaoni? Bashiri. Nani aliwafundisha kuitumia? Bashiri. Nani ameezeka nyumba upya wiki hiyohiyo? Bashiri. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua pesa ilipitaje, afande. Na bati Koplo Timoth ameshazifuatilia. Aliuza pikipiki, na aliyeinunua tumempata Namanyere."

"Mtu anaweza kuuza pikipiki na kuiba vilevile. Jumatatu anakwenda mahakamani."

Leo ilikuwa Ijumaa. Kristiana alichukua jalada lake akatoka. Bashiri alikuwa fundi simu mwenye kibanda karibu na soko, baba wa watoto wawili, na tangu akamatwe jana yake mkewe Hasna alikuwa amefunga kibanda kwa sababu mtu alikwishaandika MWIZI mlangoni kwa mkaa. Akifikishwa mahakamani na neno lile juu ya mlango, hata akishinda kesi hakuna atakayempelekea simu tena. Mji ni mdogo na mkaa haufutiki upesi.

Akaagiza aletwe chumba cha mahojiano. Bashiri aliingia na sweta alilokamatwa nalo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kristiana akaweka simu yake mwenyewe mezani.

"Nifundishe," alisema.

"Kufanya nini, afande?"

"Kununua hizo sarafu. Anza na mimi kama ulivyoanza na wao. Usiruke kitu."

Bashiri aliitazama simu, akamtazama na yeye, akitafuta mtego uko wapi. Hakuuona, akavuta kiti.

"Somo la kwanza halina simu," alisema. "Niliwaambia hii siyo benki. Benki Kuu yenyewe ilishatoa tahadhari. Ukikosea, hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Usiweke pesa ya ada wala ya mbegu. Na mtu akikuahidi faida ya kila wiki, mkimbie."

"Na bado wakaweka pesa ya mashine."

"Mashine ya kukoboa bei yake inapanda na dola, afande. Ulezi wao wanauza kwa shilingi. Wakawa kila wakikaribia bei, bei inasogea. Wakataka sarafu inayokwenda na dola, waiweke humo mpaka itimie. Hesabu hiyo aliipiga Mama Margareth, siyo mimi. Mimi niliwaambia waanze na kidogo kwanza."

Alimwelekeza kupakua programu ya pochi, akimwonya asome jina lote la mtengenezaji kwa sababu za bandia ni nyingi. Kristiana alibonyeza alichoambiwa. Mara Bashiri akasimama, akageukia ukuta.

"Unafanya nini?"

"Maneno kumi na mawili yanakuja sasa. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Simu ni simu tu, hata ikitumbukia ziwani. Mwenye maneno anaifungua pochi kwenye simu yoyote, yeye akiwa Kabwe na wewe uko hapa. Andika kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Usipige picha, na usinisomee."

Kristiana aliandika. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza na hayakuwa na undugu: kitu kama ngazi, chumvi, binamu, radi. Huku akiandika alikumbuka maelezo ya washika funguo wa kikundi. Wote watatu walisema mwalimu alisimama akitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Na wote watatu waliapa kwamba waligawana maneno manne manne, kila mmoja na karatasi yake, kama walivyogawana funguo za sanduku, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake karatasi.

"Geuka," alisema. "Sasa nionyeshe walivyoibiwa."

Hilo lilimshangaza Bashiri kidogo, kwa sababu hakuna aliyemwuliza tangu akamatwe. Akaeleza kwamba anwani ya pochi haina siri. Ni kama nyumba ya mtu ukiwa barabarani: unaona nani kaingia na nani katoka, ila huna ufunguo wa mlango. Wakafungua ukurasa wa wazi wa mtandaoni, wakaingiza anwani ya Tuinuane iliyokuwa kwenye jalada, na habari zote zikajipanga. Fedha iliingia mara moja baada ya mavuno ya mahindi, ikaingia tena baada ya ulezi. Ikakaa. Halafu siku ya wizi kukaingia kitu kidogo sana, sarafu ya aina nyingine, na baada ya hapo yote ikatoka kwa mkupuo.

Kristiana akaweka kidole kwenye kile kidogo. "Hii ni nini?"

Bashiri alisogeza uso karibu na kioo.

"Ni nauli," alisema hatimaye. "Sarafu ya dola haisafiri bure kwenye mtandao huu, afande. Lazima pochi iwe na sarafu kidogo ya mtandao wenyewe ya kulipia safari. Wanaoanza wote hukwama hapo. Wananunua, wanafurahi, siku ya kutuma pochi inakataa. Nilikuwa niwafundishe Jumamosi hii."

"Kwa hiyo pochi yao haikuwa na nauli."

"Haikuwa nayo."

"Mwizi akaingia, akakuta hawezi kutoka."

"Akalipa kwa fedha yake mwenyewe."

Kristiana alinakili anwani iliyotuma ile nauli. Ilikuwa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, bila jina la mtu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mwizi anayelipa kwanza ndipo aibe.

"Hapa mjini nani anauza?"

"Mtandaoni wapo, lakini mgeni anatapeliwa kirahisi. Mkono kwa mkono ni Oswaldi wa nyavu, pale stendi. Ndiye aliyewauzia wao."

Duka la Oswaldi liliuza nyavu, kamba na taa za sola kwa watu wa Wampembe na Kabwe kule ziwani, ambao biashara zao zilivuka ziwa na kurudi, na kwa hao ndiko alikojifunzia sarafu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwepesi wa kumvutia mgeni kiti. Kristiana hakuwa amevaa sare, lakini Sumbawanga askari hata akivaa kanga anajulikana.

"Inspekta naye kaingia kwenye mambo yetu?"

"Najifunza."

"Vizuri sana. Wenzako wanaogopa." Alipokea fedha, akabonyeza simu yake, na simu ya Kristiana ikalia mkobani. "Nimekuongezea na nauli kidogo. Nyie wageni huwa mnakwama."

"Huwa unawaongezea wote?"

"Wote wanaoanza. Ni utu tu."

Kristiana akashukuru. "Na wale akina mama wa Izia uliwauzia wewe?"

"Mara mbili. Niliwafuata kwenye kikao chao, wakanipa togwa, nikakaa nao mpaka mwisho. Waliimba mambo yao yote." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bashiri kijana mzuri. Tamaa tu."

Nje ya duka Kristiana alifungua simu akaangalia fedha yake ilitoka anwani gani. Haikufanana hata kidogo na ile iliyolipa nauli ya mwizi. Alivunjika moyo, na hakujificha kwamba amevunjika moyo. Lakini mwenye duka ana mifuko mingi, na kulikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Oswaldi aliwaongezea nauli wote wanaoanza. Tuinuane walinunua kwake mara mbili, na pochi yao haikuwa na nauli hata chembe.

Alimkuta Mama Margareth, mwenyekiti wa kikundi, uani kwake Izia, akipukuchua mahindi pamoja na jirani yake. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kuongoza rozari, na ndiye aliyekwenda polisi kumtaja Bashiri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Umeshamwandikia yule kesi yake?"

"Shikamoo, mama. Bado. Naomba unieleze tena habari za yale maneno. Waligawana washika funguo watatu, sivyo?"

"Manne manne. Watatu hao, asipokuwepo mmoja, hakifunguki kitu. Ndivyo sanduku letu lilivyo tangu tulianzishe."

"Na mmoja akifa?"

Mama Margareth alitupa gunzi pembeni. "Hilo tuliliona. Mwaka juzi mshika ufunguo mmoja alihamia Mpanda na ufunguo wake, tukakata kufuli kwa msumeno. Mwalimu naye alisema maneno yakipotea, pesa imekwenda. Kwa hiyo hatukuzembea." Akajifuta mikono, akanyoosha mgongo, akaanza kuyasema: la kwanza, la pili, la tatu, kwa mwendo kama wa litania, na alipofika la tano yule jirani naye akaungana naye bila kuacha kupukuchua, wakaenda pamoja hadi la kumi na mbili.

Kristiana aliwaacha wamalize.

"Mama, wewe siyo mshika ufunguo."

"Siyo."

"Na huyu je?"

"Huyu ni mwanachama namba kumi na saba."

"Mmeyajuaje?"

Mama Margareth akamtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeulizwa ugali unapikwa na nini. "Kila kikao kikifungwa, mwenyekiti anauliza, mfuko wetu una kiasi gani, na wote tunajibu, ili kesho asije mtu akasema kilikuwa pungufu. Ndiyo desturi. Maneno nayo tukayaweka hapohapo. Kila anayeshika manne yake anayatamka, sisi tunaitikia. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sisi hatufichani."

"Polisi hamkuwaambia."

"Mliuliza kama kuna mtu alimwonyesha mtu karatasi. Hakuna aliyemwonyesha mtu karatasi."

Ilikuwa kweli tupu. Kristiana aliketi juu ya gunia. Aliwaona akina mama wale, waaminifu kuliko benki, wakiimba ufunguo wa nyumba yao mbele ya kila aliyepewa kikombe cha togwa, na akawaonea uchungu.

"Mgeni yeyote amewahi kukaa mpaka mwisho wa kikao?"

"Padre aliaga mapema. Bashiri huwa anaondoka akimaliza somo, ana kibanda." Mama Margareth alisita. Mikono yake ikatulia juu ya mahindi. "Oswaldi alikaa."

Kristiana alijitenga kidogo akapiga simu kituoni, akazungumza na Bashiri, kisha akarudi kumweleza Mama Margareth mambo ya nauli taratibu, mpaka mwanamke yule alipoelewa kwamba mwuzaji aliwafungia ng'ombe wao zizini kwa makusudi ili amsubiri anenepe. Akamweleza pia alichokuwa anawaza. Kesho ni Jumamosi, siku ya kikao. Kikundi kimwite Oswaldi, kinunue sarafu tena, kwenye pochi mpya, kiimbe maneno yake mbele yake kama kawaida. Wanachama wote waambiwe kwamba ni mtego. Mgeni peke yake asiambiwe.

"Pesa ya kununulia ni ya nani?"

"Serikali haitawahi kunipa kabla ya kesho, mama."

Uani palikuwa na magunia sita ya mahindi yaliyokwishauzwa na kulipwa, yakingoja gari, na wote watatu waliyajua.

"Unataka niweke pesa yangu kwa ajili ya yule kijana."

"Kwa ajili ya kujua kama ni yeye. Nauli ikishaingia ni ya pochi, siyo ya aliyeilipa. Anayebonyeza kwanza ndiye anayesafiri. Bashiri mwenyewe kanihakikishia sasa hivi kwa simu ya askari wa zamu. Lakini sitakudanganya. Inaweza kwenda."

Mama Margareth alirudi kupukuchua. Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu.

"Nilimtaja mbele ya watu," alisema. "Nitaiweka."

Kesho yake kikao kilifanyika barazani kwake. Oswaldi alikuja na koti zuri, akasalimia kila mtu kwa jina, akampa pole mwenyekiti kwa yaliyopita. Akawasifu kwa kutokata tamaa. Alihesabiwa fedha, akatuma sarafu, simu ya kikundi ikalia. Kristiana alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na alitazama pochi ileile kwenye simu yake, maana maneno yake alikuwa nayo. Sarafu za dola ziliingia. Nauli hapana. Safari hii tena utu ulimpitia kando.

Togwa ikapita. Mwenyekiti akauliza mfuko una kiasi gani, wakajibu. Kisha washika funguo wakasimama mmoja mmoja wakatamka maneno mapya, na wanawake wote wakaitikia. Wachache sauti zilitetemeka, lakini kwa mtu asiyejua ilifanana na ibada. Oswaldi alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, simu ikiwa juu ya goti. Simu ya kikundi ikawekwa sandukuni mbele yake, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaaga kwa baraka nyingi.

Koplo Timoth alikuwa tayari dukani pale stendi, akibishania bei ya kamba na msaidizi wa duka.

Chumbani, Mama Margareth aliketi kitandani kando ya Kristiana. Ukurasa wa kutuma ulikuwa umeshajazwa kila kitu: kiasi chote, na anwani ya pochi nyingine ambayo maneno yake hayajawahi kutamkwa mbele ya mtu. Kilichokosekana ni nauli. Kila walipojaribu kubonyeza, pochi ilikataa.

"Asipolipa?" Mama Margareth aliuliza.

"Basi nitakuwa nimekosea, na Jumatatu itabaki Jumatatu."

Nje wanawake walikuwa wamekaa palepale, hakuna aliyeondoka. Kuku aliingia chumbani, akatoka. Kristiana alishaanza kutunga namna ya kumwomba radhi mwanamke huyu wakati simu ilipolia, mlio mfupi tu. Sarafu kidogo sana. Aliisoma anwani iliyoituma, herufi za mwanzo na za mwisho, akailinganisha na aliyoinakili jana kwenye jalada. Ilikuwa ileile.

"Amelipa," alisema. "Bonyeza, mama. Bonyeza sasa."

Kidole cha Mama Margareth kilikuwa kigumu kwa miaka ya jembe, na kioo hakikukisikia. Akajaribu tena. Hakikusikia. Akakilamba, akakifuta kwenye kitenge, akabonyeza mara ya tatu, na kioo kikazunguka, kikazunguka, kikaandika kwamba imetumwa.

Kristiana alifungua pochi nyingine. Pesa ya mahindi ilikuwa imefika yote. Kwenye pochi ya mtego hakikubaki kitu.

"Nauli kalipa yeye?" Mama Margareth aliuliza, kana kwamba anataka kusikia vizuri.

"Kalipa yeye."

Muda mfupi baadaye Timoth akapiga simu. Alimkuta Oswaldi nyuma ya marobota ya nyavu, maneno kumi na mawili yakiwa yamejazwa kwenye simu yake, akibonyeza na kubonyeza pochi tupu, na hakuwahi kuizima. Alikuwa na simu nyingine mbili na zote zilikuwa njiani kwenda kituoni pamoja naye. Alichosema tangu akamatwe ni kwamba mtandao wa siku hizi ni mbovu.

Kristiana akavaa viatu. Kulikuwa na kazi ya kumfuata yule mtu mpaka fedha ya mashine ionekane ilikofichwa, na haikuwa kazi ndogo. Lakini kwanza kulikuwa na Bashiri, ambaye nauli ile iliingia akiwa mahabusu, mikono mitupu, mbele ya askari wa zamu.

"Nakwenda kumwandikia Bashiri aachiwe," alisema.

"Ngoja." Mama Margareth alitoka barazani, akasema maneno machache kwa Kifipa, na wanawake wote wakasimama wakijifunga vitenge. Washika funguo wakatangulia.

"Mnakwenda wapi wote?"

"Kituoni, na kutoka huko sokoni. Kuna mkaa wa kufuta mlangoni." Mama Margareth alijitwika ndoo ya maji kichwani, akaweka kitambaa begani. "Tulimfunga mbele ya watu, mwanangu. Hatuwezi kwenda kumfungua kwa kujificha."